Usingizi wa Mlinzi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mguu wa mpwa wangu aliyeanguka na baiskeli umeshapona. Mimi naweza kusema ni mzima, maana natembea na nakula. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe ni mwepesi wa kuuliza, na mimi nimekuwa mwepesi wa kudanganya.

Unamjua mzee. Mtu aliyelinda maghala ya watu miaka thelathini na moja bila kusinzia, huwezi kumwambia uzeeni kwamba usiku ni wa kulala. Lakini tangu akili ianze kumpotea, mambo yalizidi. Kila usiku alivaa koti lake la kazi, akashika tochi, akazunguka vyumba vyetu viwili akitikisa milango. Akifika kwangu ananimulika usoni na kuniuliza mimi ni nani na nimeingia kwa ruhusa ya nani. Namwambia ni mwanao, baba. Ananitazama weee, kisha ananiambia nikaandikishe jina getini. Mwanzoni nilicheka. Ikifika mara ya sita kwa usiku mmoja, kicheko hukauka mdomoni.

Nami naendesha basi la shule. Mtoto wa kwanza namchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo saa kumi lazima niwe macho. Nikawa nachelewa. Wazazi wakalalamika, mwalimu mkuu akaniita mara mbili, na mara ya pili akasema nikichelewa tena niache funguo mezani. Kuchelewa kulikuwa na nafuu. Asubuhi moja nilisinzia kwenye usukani. Yule mama anayesimamia watoto garini, tunayemwita Shangazi, alinipiga bega kwa nguvu, nikafumbua macho tairi la mbele limeshaingia mtaroni. Watoto ishirini na wawili. Walidhani ni mchezo, wakapiga makofi. Shangazi hakumwambia mtu, ila tangu siku ile alihamia kiti cha nyuma yangu, akawa ananilinda mimi badala ya watoto.

Baada ya hapo mzee akaanza kulala. Nilikutumia ujumbe kwamba ametulia, ukamshukuru Mungu. Siku kumi na moja mfululizo niliamka kabla simu haijalia. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya madereva wenzangu. Siku ya kumi na mbili nilimwacha mzee kitandani, nikaenda kazini. Jirani yetu fundi cherehani alimkuta saa sita mchana, yuko sakafuni karibu na mlango, nyonga imevunjika, nguo zimelowa. Nilikwambia aliteleza kwenye maji. Hapakuwa na maji.

Sasa yuko wodini na hataki kulala. Muuguzi anasema akihisi macho mazito anajifinya mkono, na kweli ule mkono umejaa alama. Nilipomuuliza kwa nini, alitazama kwanza kama kuna anayetusikia, kisha akaninong'oneza kwamba amelala kazini. Miaka yote ile haikuwahi kutokea, na sasa amelala zamu baada ya zamu, hajui imekuwaje. Akaniomba nisimwambie bosi. Alilia, dada. Wewe hujawahi kumwona akilia, wala mimi.

Hakulala. Mimi ndiye niliyemlaza. Nilikwenda duka la dawa nikasema sipati usingizi, na haukuwa uongo, ila vidonge nilivyopewa nilivisaga nikamtilia kwenye chai ya jioni. Nusu kwanza, kisha kimoja, kisha viwili. Asubuhi ile alijaribu kuamka akazunguke, miguu ikamkatalia.

Daktari aliponiuliza siku ya kwanza kama mzee anatumia dawa yoyote, nilisema hapana. Juzi nilimrudia nikamwambia kweli. Aliandika, akasema ningesema mapema. Kifua cha mzee kimeshajaa maji, na kwa umri wake tusitegemee makubwa.

Jana nikamweleza na mzee mwenyewe. Nilimwambia ni mimi, ni dawa, yeye hana kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, akasema mimi ni mtoto mzuri, lakini kosa la mlinzi habebeshwi mtu mwingine.

Kama unaweza kuja, njoo wiki hii, bado anaongea. Usipotaka kuniona, fikia kwa fundi cherehani, amesema ana nafasi. Nisalimie shemeji na watoto. Nyumba sasa iko kimya, nami nalala, dada. Nikiweka kichwa tu nalala mpaka saa kumi bila hata kugeuka, na hilo ndilo ambalo sijaweza kumwambia mtu ila wewe.

Ni mimi,
mdogo wako uliyembeba mgongoni.