Ng'ombe wa Plastiki Aliyepakwa Tope

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko. Leo nakuandikia nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yako.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la nne kule Kishapu, nawe ukitufundisha kazi za mikono? Ulituagiza tufinyange ng'ombe. Wangu alivunjika pembe mara tatu, nikamlilia mjomba Masanja, akanifinyangia fahali mwenye nundu. Darasa zima lilishangilia. Wewe ulimgeuza mara moja tu, ukasema, "Mwambie Masanja amepata kumi. Wewe sifuri."

Mwanao wa kumzaa! Siku mbili sikukusemesha. Siku ya tatu ukaleta beseni la udongo uani, ukakaa karibu yangu mpaka nikamaliza, wala hukugusa hata pembe.

Sasa naishi Maganzo, na mjukuu wako Kabula yuko darasa la tatu. Wiki iliyopita nao waliagizwa mnyama wa udongo. Nilikuwa nimeshona nguo za watu tangu asubuhi, Baba, nimechoka, lakini nilikaa naye, mikono nimeificha chini ya kanga nisije nikamsaidia. Ng'ombe wake alitoka na miguu minene kama mihogo, shingo hana. Kabula akamfunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akampeleka shuleni.

Alirudi analia. Amepata tatu. Aliyepata kumi ni Limbu, mtoto wa jirani, ambaye mama yake alinunua ng'ombe wa plastiki dukani, akampaka tope, akamwanika juani.

"Mama, chini ya tumbo ana maandishi ya kiwandani!"

Niliacha cherehani na kitambaa cha mtu juu yake, nikaenda shuleni. Mwalimu wao ni binti mdogo, mpole.

"Mama Kabula, hao wa plastiki nawajua," akaniambia. "Nikiwapa sifuri, wazazi wanakwenda kwa mwalimu mkuu. Watoto ni wengi, udongo wa kufinyangia hapa sina. Nifanyeje?"

"Na tatu ya Kabula?"

Akainamisha kichwa. "Nilisahihisha harakaharaka. Nilitazama uzuri tu. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, Baba. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Ijumaa nitaleta udongo mimi. Wafinyange hapahapa."

Nani alinituma? Ijumaa nikasukuma toroli kutoka bondeni, mgongo unaniuma, wateja wananipigia simu. Watoto wakafinyanga mbuzi, kuku, mmoja akamfinyanga baba yake ameshika sururu. Kabula alitengeneza punda, naye hana shingo. Limbu alikaa muda mrefu na bonge mkononi, hajui aanzie wapi, kisha akaanza kuvuta masikio ya sungura.

Mama yake akatokea mlangoni. "Jamani, sare ya mwanangu!"

Nilifungua kinywa nimjibu yote niliyoyaweka moyoni wiki nzima. Limbu akaniwahi. Hakuinua hata macho.

"Mama, usiingie. Sijamaliza mkia."

Mama Limbu akasimama palepale, akavua viatu, akakaa kizingitini kumsubiri.

Mwalimu ameniomba nirudi kila Ijumaa. Nimekubali, na kucha zangu hazitatakata tena. Laiti ungekuwepo ulisukume hilo toroli wewe.

Lala salama, Baba. Nakukumbuka hata nikikulaumu.

Binti yako,
Mama Kabula