Hesabu ya Wanzuki na Karani Mzaramo

Jumanne, 24 Juni 1952

Pombe ya asali imeumuka vizuri. Wanzuki yangu hainuki moshi kama ya Kashindye, muuzaji mwenzangu wa kule nyuma. Watu wa stesheni wamekunywa mpaka wakaimba Kihehe, na Kihehe hawakijui!

Shomari, karani wa soko, alipita kilabuni. Kaptula imenyooka kama alilala ndani ya pasi. Nikamwambia wewe Mzaramo mla nazi, mkikosa mnazi wa kuegemea mnaanguka. Akasema afadhali yeye, Mnyamwezi huzaliwa na mzigo begani. Tukacheka. Ndio utani wenyewe. Babu zetu walipita kwao na pembe za ndovu, tangu hapo hatuheshimiani wala hatukasirikiani.

Halafu eti: Bibi, hesabu ya miezi mitatu iwe imegongwa muhuri Jumatatu kabla ya saa sita. Madebe uliyopika, madebe uliyouza. Ukichelewa ni faini, na nafasi yako hii ya mlangoni anapewa mwingine.

Nikammwagia machicha ya pombe viatuni. Juzi si alisema Serikali inaleta kodi ya mapengo? Mwongo mkubwa!

Alhamisi, 26 Juni

Mjukuu wangu Paskazia anasema ni kweli, tangazo limebandikwa mlango wa ofisi ya soko. Nikamwambia aliyelibandika ni nani kama si Mzaramo yule yule? Anasema Kashindye amekwisha peleka yake. Kashindye ana haraka hata ya kumeza.

Sikwenda kutazama. Nisimame pale nafuata herufi kwa kidole, Shomari ananichekea dirishani? Thubutu!

Jumamosi, 28 Juni

Si mzaha!!

Nimefika kilabuni nimemkuta Kashindye anafagia. Hafagii kwake — anafagia kwangu! Anapima kwa hatua mtungi wake utakaa wapi. Nikamwuliza, umepotea? Akajibu kwa adabu ile ya kuudhi: nasaidia tu, dada, Jumatatu si mbali.

Mlangoni pale nauza tangu reli ya Mwanza inajengwa. Ndipo wanapoingia wenye kiu na fedha zao. Kule nyuma unawauzia waliokwisha lewa, wanalipa kwa nyimbo. Sitoki!

Na karani gani anasema neno la kazi na neno la utani kwa mdomo mmoja? Angevaa kofia kwanza tujue.

Jumapili, 29 Juni

Misa nimekwenda, injili sikuisikia.

Hesabu zangu ni mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Kila debe mstari. Kumbe Paskazia aliupaka chokaa wakati wa Pentekoste! Nusu imefutika. Nikafoka mpaka kuku wakahama. Yeye akasema: Bibi, tukumbuke kwa sherehe. Basi — ya ubatizo kwa Kornel. Ya harusi ya Leonia, yule aliyeolewa Usoke. Ile iliyochacha nikaimwaga, iandikwe pia, mimi si mwizi. Mpaka jua linazama tumeipata yote.

Alitaka kuniandikia. Nimeandika mwenyewe. Herufi kubwa kama madirisha, hata kipofu atasoma.

Jumatatu, 30 Juni

Ofisi wazi, kiti kitupu! Tarishi anasema karani yuko msibani, mtaa wa Ng'ambo. Mzee Silasi anazikwa, mtani lazima awepo. Na muhuri? Kaenda nao mfukoni.

Nimekimbia. Mimi!

Nimemkuta Shomari kalala ndani ya kaburi. Hatoki mpaka wafiwa wampe jogoo. Eti Silasi alikuwa mvivu, asipolala naye, nani atamwamsha siku ya kiyama? Wafiwa wanacheka na machozi yanatiririka. Nikamnyooshea karatasi yangu. Akaidaka — akaikalia!

Nikasema, karani, saa sita inakuja. Akasema karani yuko ofisini, humu yumo mtani, na alichokamata mtani msibani hakirudi bila kukombolewa. Jogoo? Eti wangu amekonda, kabaki mkia. Shilingi? Hataki. Anataka nipige goti ukingoni nimwamkie: Shikamoo, babu. Yeye! Ndevu zenyewe za kuazima! Mbele ya Ng'ambo nzima!

Nimekaa mkekani, daftari nimelitoa kikapuni. Naandika ili nisitukane padre akasikia. Kivuli cha mkuyu kimekuwa kifupi.

Kashindye amefika. Ametazama, ameelewa. Amepiga goti bila kuombwa: Shikamoo, babu! Na Shomari: Marahabaaa, mjukuu wangu! Wamesikia mpaka Kipalapala. Vigelegele. Kashindye ananitazama mimi.

Goti langu la kulia halikunjiki vizuri tangu mwaka wa nzige. Paskazia ameleta mkono nishike. Nimemwambia ondoa, watadhani naugua. Kama ni kupiga nitapiga mwenyewe.

Ila udongo ni mwekundu na kanga hii mpya. Naipandisha kwanza.