Nyuma ya Ua wa Minyaa

Dongobesh, Mbulu
14 Juni 1952

Mpendwa dada yangu Konsolata,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Alfredi na watoto wote hapo Bashay. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie asiende tena kuchota maji mwenyewe, wajukuu wapo. Na shemeji, ng'ombe wake hawajambo? Tumesikia ile amri ya kupunguza mifugo imefika mpaka kwenu, nami nikamwonea huruma, maana namjua, yule angekubali kupunguza watoto kabla ya kupunguza ng'ombe. Huku baridi ni kali, maharage tumeshavuna na mahindi yanakauka shambani. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo ndizo zimenifanya nikalie kigoda na kuandika, na Gidamis, yule mchuuzi wa ng'ombe, amekubali kukuletea akipita kwenda mnadani.

Uliniuliza katika barua yako kama nimekwisha kumshitaki mume wangu Nikolausi kwa Padri, kama ulivyonishauri. Nitakujibu, ila nivumilie nianze mwanzo, kwa sababu nikikupa jibu peke yake utasema mdogo wako amerogwa.

Unajua hali ya nyumba yangu tangu mwaka juzi, tangu kitoto changu kilipofariki hata kabla kitovu chake hakijapona. Unaujua na mwiko wetu. Mama mkwe alinifungia ndani, nisishiriki moto na jirani wala nisikanyage njia ya kisimani, mpaka muda upite. Padri naye alimwambia Nikolausi kwamba katekista hana budi kuonyesha mfano, Mkristo hafungiwi ndani kwa sababu ya kifo. Basi mimi nikakaa ndani na yeye akatoka nje kufundisha, mtoto akazikwa mimi sijaona ni wapi, na tangu siku hiyo mume wangu akawa na maneno mawili tu kwangu. Moja la kuuliza kama chumvi ipo, na jingine la kusema amechoka.

Mtu akinyamaza kwa kila mtu, unamvumilia. Lakini Nikolausi hakunyamaza kwa kila mtu. Lipo hapa duka la Mhindi mmoja aitwaye Popatlali, ambako sisi tunachukua mafuta ya taa na mishumaa ya kanisa la kigango. Nyuma ya duka anakaa shemeji yake, mjane, jina lake Jamna, mwanamke wa makamo, huvaa nguo nyeupe tupu na hana hata bangili moja mkononi. Huko ndiko maneno ya mume wangu yalikokuwa yanakwenda. Aliyeniambia ni Sauda, mke wa Seifu fundi cherehani, ambaye mashine yake iko kwenye baraza la duka hilohilo. Alinicheka kisimani, akasema Mwalimu Nikolausi na mama Banyani wanaongea mambo ya Mungu mpaka chai inaota utando, na kama ni mambo ya Mungu basi Mungu wao ana hadithi nyingi. Wenzangu wakacheka. Mimi nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka, na maji yote yalinimwagikia mgongoni kwa jinsi nilivyokuwa natembea.

Dada, niliona wivu, na siuiti jina jingine. Kama angekuwa msichana wa kijijini ningemshika nywele mambo yakaisha. Huyu alikuwa mtu mzima, mpole, na aliyekuwa anachukuliwa si mwili wa mume wangu. Ilikuwa ni ile sehemu ya mume wangu ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kupewa.

Nikaanza kumchunguza. Jioni moja tukiwa tunasali rozari nikaona anaishika vibaya. Punje za rozari alikuwa anazivuta kwa kidole gumba na kile cha katikati, na kidole cha kwanza amekinyoosha pembeni kama kina kidonda. Nikamwuliza kama ameumia. Akasema hapana. Jioni iliyofuata, vilevile. Halafu siku moja akarudi kutoka dukani, nikamtengea ugali na maziwa ya mgando, akasema amefunga. Amefunga nini, Kwaresima imepita? Akasema ameamua tu kufunga. Wewe ni mke wa mtu, unajua uchungu wa kuondoa sahani ambayo haijaguswa, na unajua ni nani amemfundisha njaa hiyo.

Nikalipuka. Nilimwambia kila kitu, Sauda, kisima, utando wa chai. Nikamwambia anasali kipagani kwa rozari iliyobarikiwa. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Akaniambia kwamba Jamna ana shanga zake za kusalia, na kwamba kwao kidole cha kwanza hakigusi shanga, kwa sababu ndicho kidole cha kunyooshea wenzako na cha kujigamba, hakifai mbele ya Mungu. Mume wangu alipolisikia hilo alimkumbuka Bwana wetu, siku ile watu wote walipokuwa wanamnyooshea vidole yule mwanamke aliyefumaniwa, na yeye akainama akatumia chake kuandika mavumbini. Nikolausi alisema amefundisha habari ile miaka yote, na hakuwahi kukiangalia kidole. Akaniambia pia kwamba Jamna hutia mkono na shanga zake ndani ya mfuko wa kitambaa anaposali, ili mtu asione amefika wapi, hata yeye mwenyewe asione. Alipomsimulia kwamba Bwana alituagiza tuingie chumbani tufunge mlango, mama yule alicheka kwa furaha, akasema mfuko wake ndicho chumba, mama yake alimshonea akiwa msichana, na inaelekea wote wawili walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja bila kujuana.

Unafikiri nilifurahi? Nilizidi kuwaka. Habari ya chumba na mlango alinifundisha na mimi, katika darasa la ubatizo, ameshika fimbo, nami niliikariri kama hesabu. Kwa nini kwangu ilikuja na fimbo na kwake ikaja na chai?

Ndipo nikakuandikia, na wewe ukanijibu niende kwa Padri. Nikampa Marko, mpishi wa Padri, ujumbe kwamba mke wa katekista wa Dongobesh ana shauri juu ya mumewe, na Padri asiondoke safari hii bila kunisikiliza. Nilijua ninachokifanya. Katekista akisemekana anasali na shanga za Wahindi hana kazi tena, na nyumba tunayolala ni ya kigango. Nilikuwa tayari kulala nje, mradi asiende tena dukani.

Nilitaka tu kuona kwa macho yangu kabla sijasema. Basi Jumanne alasiri nikamwona anapita nyuma ya kanisa amebeba jembe, na sisi shamba hatuna upande ule. Nyuma yake kidogo akapita Jamna na kopo lake la shaba. Nikaacha kupepeta maharage nikawafuata. Wakazunguka makaburi yetu, wakapita kwenye pengo la ule ua wa minyaa wa makaburi hayo, wakatokea ng'ambo, mahali ambapo hapana kitu isipokuwa nyasi na mbuzi. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kupiga kelele, na nilikuwa nimeyapanga vizuri.

Dada, nyuma ya ua ule kuna vilima viwili vidogo vya udongo, vimezungushiwa mawe. Nikolausi alikuwa anapalilia. Jamna akamwagia maji kwenye kimoja, kisha kwenye kingine. Halafu wakakaa chini mbalimbali, yeye na mfuko wake, mume wangu na rozari yake, kila mmoja akisali.  Nikatoka nimenyoosha kidole.

Jamna ndiye aliyeniona kwanza. Hakushtuka wala hakujifunika uso. Aliinuka akasema, kwa Kiswahili chake cha dukani, karibu Mama Joakimu.

Sikuelewa. Hakuna mtu aliyewahi kuniita mama fulani. Mtoto aliyekufa bila ubatizo hana jina, ndivyo tulivyochukulia wote, na mimi moyoni nilikuwa namwita Kitoto tu. Nikamgeukia Nikolausi, naye alikuwa analia kama mtoto mwenyewe. Akaniambia kwamba alikuwa amemchagulia jina la Joakimu tangu akiwa tumboni. Asubuhi ile mtoto alipochemka mwili, alijua kwamba katekista anaruhusiwa kumbatiza mtu aliye hatarini, ameshawamwagia maji watoto wa watu wengi milimani huku. Lakini Padri alikuwa anatazamiwa siku ileile, na yeye alitaka mtoto wake wa kwanza abatizwe mbele ya watu wote, kwa mishumaa, kama inavyomfaa mtoto wa mwalimu. Akangoja. Maji yalikuwa ndani ya mtungi wetu, hatua chache kutoka kitandani, naye akangoja, na pikipiki ya Padri ikafika jioni kwenye mazishi. Kwa hiyo akamzika nje ya ua, kama sheria ilivyo. Akasema kila aliponitazama mimi aliuona ule mtungi.

Kaburi la pili ni la mtoto wa Jamna, aliyefariki mumewe angali hai. Kwao mtu mzima huchomwa moto, lakini mtoto mchanga huzikwa, kwa sababu moto ni wa kusafisha na mtoto hana kitu cha kusafishwa. Mzee wa hapa alikuwa amewapa mahali pale kwa kuwa hapatakiwi na mtu. Na yeye pia, alipofiwa, walimtenga, asiwashe jiko wala asiguse taa ya sala mpaka muda upite, sawasawa na mimi. Siku alipomkuta Nikolausi pale peke yake hakumwuliza kitu. Alimwagia maji vilima vyote viwili. Nikolausi alipomweleza wasiwasi wake, kwamba vitabu vyake vinamweka mtoto nje, yeye alimwuliza kama Bwana wao ndiye yule aliyewakemea watu waliokuwa wanawazuia watoto. Mume wangu akasema ndiye. Jamna akamwambia basi, aende akamwulize yeye, siyo vitabu.

Sasa sikia nilichofanya. Ungedhani nilimkumbatia. Mimi nilimnyang'anya lile kopo. Nilijazwa na wivu ambao mbele yake ule wa kisimani ulikuwa mchezo. Mwanamke mwingine amelijua jina la mwanangu kabla yangu! Miaka miwili anamnywesha maji, na mimi napepeta maharage upande wa pili wa ua! Nikamwagia kaburi la Joakimu maji yote yaliyobaki, mpaka tone la mwisho, kana kwamba ndio ubatizo aliokosa.  Jamna akainama, akachukua kiganja cha ule udongo uliolowa wa kaburi la Joakimu, akaenda kuuweka juu ya kaburi la mwanawe.

Nilikwenda mtoni, dada. Nilikimbia na lile kopo, nikateka maji, nikarudi nikayamwaga kwa mtoto wake. Nikamwuliza jina lake, akaniambia anaitwa Kishori. Hapo ndipo tulipolia wote watatu.

Padri alifika Jumamosi. Baada ya misa akaniita, maana Marko alikuwa amefikisha ujumbe, akaniuliza ni shauri gani nililo nalo juu ya mume wangu. Nikolausi alikuwa anakunja nguo za altare, nikaona mikono yake imesimama. Mimi kidole changu nilikifunga ndani ya kiganja. Nikasema, Padri, nyuma ya ua wa minyaa kuna watoto, na nyasi zimewazidi, na mume wangu peke yake hawezi, ninaomba ruhusa nimsaidie. Padri alitazama viatu vyake. Akasema mtu haombi ruhusa ya kulima nyasi. Kisha, alipokuwa anapanda pikipiki, akauliza kama lile pengo la ua linatosha mtu kupita vizuri, na kama halitoshi tulipanue.

Basi hilo ndilo jibu langu, wala usinikasirikie. Sikumshitaki. Kazi anayo, nyumba tunayo, na usiku sasa ananisimulia mambo mpaka mimi ndiye ninayesema nimechoka. Nisikudanganye lakini kwamba nimepona. Siku za kwenda kule nimemwambia Nikolausi abaki nyumbani, tunakwenda wanawake wawili, yeye anammwagilia wangu na mimi wake. Nikolausi ananung'unika kwamba amenyang'anywa rafiki. Mwache anune kidogo, aonje. Na bado nikimwona Jamna analitamka lile jina vizuri, kwa kulizoea, roho inanichoma, kwa sababu amelitamka mara nyingi kuliko mimi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako. Nisaidie nimfikie kwa kulitamka. Utakapomsomea mama barua hii, liseme jina hilo kwa sauti. Utakaponijibu, liandike juu ya bahasha. Na watoto wako waambie walikuwa na mdogo wao.

Msalimie sana mama, mwambie namwamkia kwa magoti yote mawili. Msalimie shemeji na ng'ombe wake waliosalia. Nikolausi anakuamkia, na Jamna, ambaye hakujui, amesema nikuandikie salamu zake pia, nami nimeandika, ingawa kwa shingo upande.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Justina, Mama Joakimu