Injini ya Elkana, Mashine ya Risper

Awendo, 4 Februari 2025

Nyamera Risper, dada yangu,

Pokea salamu huko Kendu Bay. Watoto hawajambo? Na mgongo wako? Mimi mwili uko sawa, roho ndiyo imechoka. Lori limenifunga kama mbuzi. Asubuhi halitaki kuwaka, ni moshi mweupe tu. Likiwaka silizimi mpaka jioni, hata kwenye foleni ya miwa kiwandani. Usiku lazima niliegeshe mteremkoni, pua ikitazama chini. Nyumbani siwezi kuja, huko ni tambarare. Fundi Osoro anasema injini imekufa, niweke nyingine. Baba mdogo Boaz amekubali tuuze mashine ya kusaga ya marehemu baba. Usikasirike.

Ndugu yako,
Elkana

Kendu Bay, 9 Februari

Omera Elkana, ndugu yangu,

Salamu nimepata. Watoto wazima, mgongo bado unanisumbua. Nisikasirike vipi? Mashine hiyo ndiyo inatulisha tangu ndoa inishinde nikarudi hapa nyumbani. Nyinyi wanaume wawili mmekaa mkaamua kuiuza bila hata kuniita! Yawa, aibu hamna?

Sasa nijibu: ukiwa mteremkoni, linawaka kwa ufunguo kabla hujaachilia breki? Kama ndiyo, injini ni nzima. Injini iliyochoka haichagui mlima. Mashine yangu nayo ni ya dizeli, ilinifanyia hivyo mwaka jana. Mpira wa kupitisha dizeli ulikuwa na ufa, hewa inaingia, dizeli inarudi kwenye tangi. Pua ikitazama chini, tangi liko juu, dizeli hairudi. Asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, piga ile pampu ndogo ya mkono kando ya injini mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Jaribu kwanza, mdogo wangu. Nakuomba.

Dada yako,
Risper

Awendo, 17 Februari

Nyamera,

Natumai mmeamka salama. Ni kweli, mteremkoni linawaka kwa ufunguo. Lakini Osoro alicheka, eti mama wa unga ndiye atatufundisha lori? Basi sikujaribu. Alhamisi Boaz atakuja na lori hilihili kuchukua mashine, mnunuzi yuko Karungu. Nimemwambia asilizime huko. Unielewe. Wewe unaweza kuolewa tena, mimi lori ni hili moja.

Elkana

Kendu Bay, 22 Februari

Elkana,

Baba mdogo anakusalimia. Bado yuko hapa.

Alhamisi yeye na vijana waling'oa mashine, wakaipakia, wakaifunga kamba. Kisha akazima lori ili ale samaki. Tangu hapo limekataa. Vijana wamesukuma mpaka wamechoka, halitoki kwenye mchanga.

Jana alipoenda ziwani kuoga, ufunguo aliuacha. Nikapiga pampu, nikawasha. Likawaka mara moja! Nililia, Elkana. Injini yako haina ugonjwa wowote, na kazi yangu iko juu ya lori imefungwa kamba. Nikalizima. Leo asubuhi baba mdogo amejaribu, limekataa tena.

Sitamwambia mtu. Njoo wewe, ushushe mashine kwa mikono yako, uirudishe mahali pake. Ndipo nikuonyeshe mpira ulipopasuka. Mpaka hapo hakuna anayeondoka hapa.

Usikawie. Baba mdogo anakula sana, na unga umeisha.

Dada yako,
Risper