Kura Tatu za Daraja

Barabara ya Cutler,
Tamarack Falls, Wisconsin.
20 Novemba 2022.

Mpendwa kaka Lowell,

Mwaonaje huko Alaska? Kifua chako kimetulia? Na goti la wifi Nadine? Sisi wazima, ila nina jambo nataka kukuuliza.

Lile daraja la mbao kwenye bustani ya mtoni limeoza. Mwezi wa nane mjukuu wangu Tess alikanyaga ubao ukakatika, akaning'inia juu ya maji, nami nimemshika kwapa.

Kwa hiyo mji ulipotaka kuuza hatifungani, yaani kukopa kwa wawekezaji, ili utengeneze daraja na uwanja wa watoto, deni lilipwe kwa kodi ya nyumba zetu miaka ishirini, niligonga kila mlango kuomba kura za ndiyo. Tumeshinda kwa kura tatu. Tatu tu, kaka!

Kesho yake jirani yangu Bi Hulda, yule mjane, alinifuata uani na viatu vya ndani, theluji inaanguka.

"Umefurahi, Ardith? Pensheni yangu yote inaishia kwenye kodi na dawa. Nyumba wakiipiga mnada, utakuja kunibebea kabati?"

"Usiseme hivyo, mama."

"Niseme vipi? Mimi sikumwombea mjukuu wako aanguke mtoni."

Niliogopa kuliko siku ile ya daraja. Siku ile angalau nilikuwa na kitu cha kushika.

Jumatatu nilimpeleka ofisi ya kodi. Kuna nafuu ya kodi kwa wazee, lakini waombaji ni wengi, na majibu ni mwezi wa pili. Nilimjazia fomu. Kisha nikamrudisha kwake.

Jana kaja mwenyewe, hakuvua hata koti. "Wakininyima, nahamia kwako. Nataka chumba cha mbele, chenye jua."

Nikamwambia sawa. Akacheka, akidhani namtania. Vern mume wangu bado sijamwambia, na hicho ndicho chumba chake cha kutazamia mpira. Niandikie upesi, kaka, uniambie kama nilikosea kumkubalia.

Nisalimie Nadine, mwanao Curtis na wanawe. Mungu awashike mkono kwenye barafu ya huko.

Dada yako anayekupenda na kukukumbuka,
Ardith