Picha ya Mama Neema Imetoka Safi

Jumanne, Kansanga

Bado naiona ile picha. Kila mgonjwa akishalala kwenye mashine ya mionzi, mashine yenyewe humpiga picha ya ndani ya mwili, ili tujue uvimbe uko wapi kabla ya kuanza kuuchoma kwa mionzi. Kwa miezi mingi picha hizo zimekuwa na ukungu. Leo tumejaribu programu mpya ya kuzisafisha, na wa kwanza alikuwa Mama Neema, Mkongo anayeuza vitenge mtaa wa jirani, Kisugu.

Picha ilitoka safi. Utumbo ulikuwa umeshuka mpaka pale tulipotaka kupiga mionzi.

"Simamisha," nilimwambia Okello, mwenzangu wa zamu.

"Watu ni mingi huko nje, dada. Jana tulimpiga tu hivi."

"Jana hatukuona."

Tukamshusha. Mama Neema akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, ugonjwa imeongezeka?"

"Hapana, mama. Tunataka kupanga upya, tusikuumize."

Daktari alikuja, akaitazama picha, akasema mpango wake uchorwe upya. Mama Neema akanishika mikono yote miwili, akashukuru.

Hapo ndipo nilipojiuliza. Anashukuru nini? Siku zile za ukungu, mionzi ilipita wapi? Na wale waliokwisha kumaliza matibabu, wakarudi kwao...

Nimemwomba daktari tuzisafishe na picha zao za zamani. Amesema tuanze kesho asubuhi.

Nilitamani, japo kidogo, akatae.