Spiriti Kwenye Tangi la Gari

Baba Adela,

Chai iko kwenye chupa, kande ziko jikoni. Nimeshindwa kusubiri gari, nimepanda basi la Namtumbo. Mjukuu ana siku tatu na hatujamshika.

Asubuhi gari letu lilipozima pale mlimani nilikasirika, nisikufiche. Lakini ulipokwenda kumwita fundi nilibaki ndani peke yangu, ukungu umefunika vioo vyote, nikajiona kama naelea. Nikamwona mjukuu wetu kwa mawazo, uso wake kabisa. Ana paji lako la uso.

Fundi Dastan alipofungua chujio alinionyesha matope mekundu. Anasema spiriti uliyochanganya na petroli imeosha kutu yote ya tangi ikaziba chujio. Mwaga yote, mbali na moto. Na lile dumu lililobaki usimpe mdogo wako Edwin kwa injini ya boti. Sisi tulishuka tukasukuma. Yeye katikati ya Ziwa Nyasa atashukia wapi?

~~Nitarudi Jumapili.~~ Hapana. Panda basi la mchana unifuate. Adela amekataa mtoto apewe jina mpaka babu yake afike.

Mkeo, bibi wa siku tatu